Somo la Biashara: Mnunuzi Mkali na Sharti la Malipo

Kazi ya duka yaonekana nyepesi kwa apitaye njiani. Lakini asimamaye nyuma ya meza ajua kwamba ugomvi mwingi hauletwi na ubaya wa bidhaa, bali na malipo: nani alipe sasa, nani angoje, na kwa njia gani. Somo hili lawahusu wenye maduka wa Meru na Embu, pamoja na vijana wanaowauzia.

CHANZO CHA UGOMVI

Katika nchi hii ya mlimani fedha haziwafikii watu wote siku moja. Mkulima wa miraa wa Igembe na mwenzake wa muguka wa Mbeere aghalabu huuza mavuno yao kwa fedha taslimu. Mkulima wa chai hulipwa kwa mwezi, na sehemu nyingine, iitwayo bonasi, huja mara moja kwa mwaka. Mwenye kahawa hungoja chama chake cha ushirika. Kwa hiyo mtu mwenye mali shambani aweza kufika dukani bila senti mfukoni, wala si mwongo asemapo, "Nitalipa chai ikilipwa."

Lakini mwenye duka naye hawezi kulipa bei ya jumla kwa ahadi ya bonasi ya mwingine. Unga na sukari vikitoka bila fedha kurudi, rafu hubaki tupu na duka hufungwa. Hapo hupata hasara kijiji kizima, hata wale waliokuwa wakilipa vizuri.

SHARTI LITANGULIE BIDHAA

Kanuni ya kwanza ni kwamba sharti la malipo lijulikane kabla bidhaa hazijapimwa. Liandikwe ukutani kwa herufi kubwa: kama duka lakopesha au halikopeshi, kama lakopesha, ni kiasi gani na mpaka siku gani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupewa habari zimfaazo. Sharti litajwalo baada ya unga kutiwa mfukoni huonekana kama tusi, hata likiwa la haki.

Tukumbuke mwaka 2019. Tarehe 1 Juni ilitangazwa kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 itakoma kutumika baada ya tarehe 30 Septemba. Noti nyingine za zamani hazikuondolewa. Muuzaji aliyejua habari hiyo vizuri na kuwaeleza wanunuzi mapema alikuwa na jibu la kutosha siku ilipofika. Asiyejua aliweza kukataa hata noti njema ya shilingi 500, akagombana bure.

MANENO YA KUTUMIA

Mnunuzi akikasirika, usipaze sauti kama yeye, wala usitaje deni lake mbele ya watu. Mwache amalize maneno yake, kisha umjibu kwa upole: "Mzee, najua chai yako italipwa. Lakini sharti hili ni la wote, hata ndugu yangu hulifuata. Kwa fedha uliyo nayo leo nikupimie kilo moja." Hapo sharti limesimama, naye hakuondoka mikono mitupu.

Kijana aliyeajiriwa asilivunje sharti kwa kuogopa makelele. Aseme, "Mama, sina ruhusa ya kukopesha, lakini nitamfikishia mwenye duka maneno yako." Kisha ayafikishe kweli. Akimkopesha mmoja kwa siri, kesho watakuja kumi, na kila atakayekataliwa atauliza kwa nini yeye amebaguliwa.

MALIPO YA SIMU

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, ugomvi wa namna nyingine umeingia. Mnunuzi huonyesha ujumbe katika simu yake na kusema, "Nimekwisha lipa." Muuzaji asiutegemee ujumbe huo, maana waongo huweza kuutunga. Atazame simu ya duka au hesabu ya duka. Fedha zisipoonekana, asimwite mtu mwizi. Huenda mtandao umechelewa, au namba imekosewa. Amwombe angoje, na bidhaa zibaki mezani. Ikiwa fedha zimekwenda kwa namba nyingine, amsaidie kuwaarifu wenye mtandao upesi, kabla fedha hazijatumiwa na aliyezipokea.

DENI LIANDIKWE

Anayekubali kukopesha aandike tarehe, bidhaa, bei na siku ya kulipa, na wote wawili watie sahihi. Mdeni apewe nakala yake. Siku ikipita, aitwe faragha na kuulizwa shida yake. Pengine malipo ya kiwanda yamechelewa, na ataweza kulipa kidogo kidogo. Asipotaka kabisa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Huko daftari lenye sahihi litakuwa na nguvu kuliko kiapo cha mdomo.

Basi, muuzaji, uwe mgumu katika sharti na mpole kwa mtu. Aliyenyimwa deni kwa heshima aweza kurudi akiwa na fedha. Aliyeaibishwa mbele ya jirani zake huenda asirudi tena.