SOMO LA MWEZI: KIATU KIBOVU KIRUDI DUKANI

Tunawasalimu ninyi mlio hapa Hima, na ndugu wa Kasese na Bwera, na ninyi mlio katika makazi ya Rwamwanja na Kyaka II ambako karatasi hizi hufika.

Somo la mwezi huu linahusu viatu. Msishangae. Akina mama waliliomba tangu shule zilipofunguliwa, kwa sababu wengi wao walinunua viatu vyeusi vya watoto, na kabla ya wiki tatu kwisha soli zilikuwa zimefumbua kinywa kama samaki. Tulipouliza ni wangapi waliovirudisha dukani, alijitokeza mama mmoja tu. Wengine walisema, "Sisi ni wakimbizi, tutamdai nani?" Wakavipeleka kwa fundi, wakalipa mara ya pili kwa kitu kimoja. Kwa familia inayouza mahindi ili mtoto apate viatu, hasara hiyo si ndogo. Mtoto hubaki nyumbani, au huenda peku na kurudi na funza.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: aliyekuuzia kiatu ndiye anayewajibika kwako. Si kiwanda, wala si yule tajiri wa Kampala aliyemletea mzigo. Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani iliyoachwa na Waingereza. Ndani yake kuna ahadi ambazo muuzaji huhesabiwa kuwa amezitoa hata kama hakufungua kinywa. Kitu kiwe kama kilivyotajwa: ukiambiwa ni ngozi, kiwe ngozi, si karatasi iliyopakwa rangi. Kifae kwa kazi yake. Kiwe na ubora unaostahili.

Wauzaji wengi hujibu, "Mimi sikukitengeneza, ningejuaje?" Jibu hilo lilikwisha kupimwa mahakamani zamani. Mwaka 1931 daktari mmoja wa Adelaide, Australia, jina lake Grant, alinunua nguo za ndani za sufu dukani. Akapata ugonjwa mkali wa ngozi, maana dawa iliyotumika kiwandani ilikuwa imebaki katika nyuzi. Kesi ilipanda mpaka London, katika lile Baraza lililokuwa juu ya mahakama za nchi zilizotawaliwa na Mwingereza, Uganda ikiwamo. Mwaka 1935 Grant alishinda, na hakukishinda kiwanda peke yake, bali na mwenye duka pia, ingawa mwenye duka hakuiona ile dawa wala hakuweza kuiona. Wakasema tena kwamba mnunuzi hana haja ya kueleza kazi ya kitu ambacho kazi yake ni moja na inajulikana na watu wote. Nani anunuaye kiatu ili akipikie? Kiatu ni cha kutembelea.

Lakini tuwe wa kweli. Si kila kiatu kilichokufa ni kibovu. Kisigino kikilika baada ya miezi mingi ya njia ya mawe, hiyo ni kazi yake kimefanya. Mtoto akicheza mpira kwa viatu vya darasani, ncha ikapasuka, tusimwendee muuzaji na maneno matamu. Ubovu tunaousema ni ule uliokuwamo tangu siku ya kununua, hata kama ulijionyesha baadaye: gundi inayoachia baada ya siku chache, mshono uliokosa uzi, soli inayokatika katikati bila sababu, gambuti inayoingiza maji siku ya kwanza.

Tuseme zaidi juu ya buti za kazi, kwa sababu hapa Hima kuna kiwanda cha saruji, na vijana wetu wengi huishi kwa vibarua vya zege na mawe. Kijana mmoja wa kwaya alinunua buti kwa shilingi 70,000. Zilikuwa mpya, zinang'aa, zimo katika boksi lake. Siku ya tisa soli ilianza kumeguka vipande vipande kama mkate mkavu. Muuzaji akasema, "Umekanyaga saruji mbichi, saruji imeila." Ni kweli kwamba saruji mbichi ni kali, hukausha ngozi ya kiatu na kuunguza ngozi ya mtu. Lakini haimegui soli namna ile kwa siku tisa.

Kilichotokea ni kitu kingine. Soli nyingi nyepesi za buti hutengenezwa kwa plastiki iitwayo poliyurethani. Plastiki hiyo huliwa polepole na unyevu ulio hewani, na joto huharakisha kazi hiyo. Buti ikikaa stoo miaka mingi bila kuvaliwa, kwa macho ni mpya, lakini soli yake imekwisha kuzeeka. Siku unapoivaa na kuikunja ndipo inapovunjika. Kwa hiyo boksi safi si ushahidi wa upya.

Umri wake utaujuaje? Buti za kazi zilizotengenezwa kwa kufuata kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 20345 lazima ziwe na alama: namba ya saizi, jina au alama ya mtengenezaji, aina yake, namba ya hicho kipimo, na tarehe ya kutengenezwa. Tazama kwenye ulimi wa kiatu au upande wa ndani. Ukiona S3, maana yake pamoja na mambo mengine soli ina kinga ya kuzuia msumari usipenye. Buti zisizo na alama hata moja, huku muuzaji anakuapia kwamba ni za usalama, ziogope. Na kama anakuambia mbele kuna chuma, chukua sumaku ndogo ya spika iliyokufa, uiguse. (Ziko buti nzuri zenye kinga isiyo ya chuma, lakini basi asikwambie ni chuma.)

Yule kijana alipotazama ulimi alikuta tarehe ya miaka sita nyuma. Alirudi dukani pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Muuzaji mwenyewe hakuwa anaijua ile alama. Aliisoma mara mbili, akampigia simu aliyemletea mzigo, na mwisho akarudisha pesa kwa mafungu mawili. Hapakuwa na kelele.

Gambuti zina jaribio lake. Kabla ya kulipa, zikunje kwa mikono pale mguu unapojipinda, utazame kama kuna nyufa nyembamba. Zile zilizotundikwa juani mbele ya kibanda mwezi baada ya mwezi hupasuka hapo. Ukifika nyumbani, jioni ile ile, simamisha gambuti juu ya gazeti kavu, mimina maji mpaka kwenye kifundo, uache usiku mzima. Gazeti likilowa, asubuhi unarudi na kiatu kisicho na tope hata tone. Viatu vya shule pia, mtoto avijaribu kwanza ndani ya nyumba, juu ya mkeka. Kiatu safi hurudi kwa urahisi kuliko kiatu kilichokwisha kupita shambani.

Mivumba ni habari nyingine. Anayeuza viatu vilivyovaliwa Ulaya hakuahidi upya, na bei yake inasema hivyo. Tena sheria hii ya mauzo ina kanuni ya zamani: ukikichunguza kitu mwenyewe kabla ya kununua, na ubovu ulikuwa wazi machoni, huwezi kuulalamikia baadaye. Basi mivumba chunguza kweli kweli, ingiza mkono mpaka ndani, vuta soli. Hata hivyo muuzaji akikificha kidonda kwa gundi na rangi, akasema ni kizima, huo ni udanganyifu. Wagibeoni walivaa viatu vya viraka ili waonekane wametoka mbali (Yoshua 9). Huyu naye anafunika viraka ili viatu vyake vionekane havijatoka popote.

Sasa, namna ya kurudisha. Usikae. Ukikaa na kiatu muda mrefu bila kusema neno, sheria huhesabu kwamba umekikubali. Haitaji siku ngapi, inasema muda unaofaa tu. Sisi tunasema: siku ile ile uliyouona ubovu au kesho yake, na acha kukivaa mara moja. Usimpelekee fundi kwanza, maana akishashona, muuzaji atasema fundi ndiye aliyeharibu. Nenda asubuhi kabla duka halijajaa, umwone mwenye duka mwenyewe, si kijana anayemsaidia. Msalimu vizuri. Onyesha kiatu, sema ulinunua siku gani na kwa bei gani, kisha sema unachotaka: pesa. Akipenda kukubadilishia jozi nyingine au kukishona kwa gharama yake, ni hiari yako kukubali. Ukiamua kubaki nacho, unaweza kudai akupunguzie bei kwa ule ubovu.

Lugha isiwe kizuizi. Ndugu zetu Wanande wana heri hapa Kasese, kwa kuwa Kinande na Lukonzo ni mtu na ndugu yake. Sisi wengine tutafute mwenzetu anayesikia Lukonzo au Rutooro, naye atakuwa shahidi pia.

Na risiti? Iombeni kila mara, hata kipande cha karatasi chenye tarehe, bei na jina la duka. Kama ulilipa kwa simu, ujumbe wa malipo usiufute. Kama huna chochote, haki yako haijafa, maana mapatano ya mdomo nayo ni mapatano. Shida ni kuyathibitisha, na hapo ndipo aliyekusindikiza sokoni anapokuwa na faida. Katika Ruthu 4 tunasoma kwamba zamani katika Israeli mtu alivua kiatu chake akampa mwenzake ili kuthibitisha jambo walilopatana mbele ya wazee. Kiatu chenyewe kilikuwa risiti!

Risiti nyingi za hapa zimepigwa muhuri usemao kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Wengi wakisoma hayo hukata tamaa. Tena tutoe mfano wa zamani. Mtu mmoja aitwaye Chapelton alikodi viti viwili vya turubai ufukweni mwa mji wa Barry, Wales. Alilipa, akapewa tiketi, akazitia mfukoni. Alipoketi turubai likapasuka, akaumia. Wenye viti wakasema nyuma ya tiketi imeandikwa kwamba hawana lawama. Mwaka 1940 mahakama ya rufaa ilikataa: tiketi ile ilikuwa ya kuonyesha tu kwamba amelipa, na mapatano yalikwisha kufanyika kabla hajaipokea. Maneno unayopewa baada ya kulipa, ambayo hukuonyeshwa kabla, si sehemu ya mapatano yenu. Bango lililotundikwa mlangoni ukaliona kabla ya kununua lina nguvu zaidi, basi tazameni milango.

Akikataa kabisa, mwandikie barua fupi, ubaki na nakala. Kisha uende kwa mwenyekiti wa LC1 wa mahali lilipo duka. Kwa sheria ya mwaka 2006 mahakama za LC husikiliza madeni na mapatano ya namna hii, na mara nyingi jambo huishia hapo, kwa sababu hakuna mfanyabiashara anayependa jina lake liimbwe mtaani. Juu yake kuna utaratibu wa madai madogo ulioanzishwa mwaka 2011 katika mahakama za mahakimu, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, bila mawakili. Huo hutaka kwanza umpe mdaiwa barua na siku 14 za kulipa. Kwa jozi moja ya viatu ni safari ndefu, lakini kwa kikundi kilichonunua gambuti 40 za shamba, inafaa. Shirika la viwango la taifa, UNBS, lipokeeni taarifa za bidhaa hafifu ili ziondolewe sokoni, ila halikurudishii pesa zako.

Na lile swali la "sisi wakimbizi"? Uganda ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1976, na kifungu chake cha 16 kinatupa mlango wa mahakama. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema vivyo hivyo. Kadi yako ya mkimbizi haipunguzi bei ya kiatu, basi isipunguze na haki yake. Wa Rwamwanja na Kyaka II, viongozi wenu wa RWC wanaweza kuwaandikia barua ya kuwatambulisha.

Wengine watauliza juu ya 1 Wakorintho 6, kwamba ndugu wasishitakiane. Kama muuzaji ni mwamini mwenzetu, shikeni njia ya Mathayo 18: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha na shahidi mmoja au wawili, kisha kanisa. Na ninyi ndugu mnaouza viatu hapa hapa kwenye baraza zetu, someni Amosi 8:4-6, ambapo viatu na takataka za ngano vimetajwa pamoja. Sheria ya 2017 inawahusu ninyi pia. Tunawashauri muandike deni lenu na wale wanaowaletea mizigo, ili kiatu kikirudi kwenu nanyi mpate pa kukirudisha.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:

Je, katika kikundi chenu kuna kiatu kilichonunuliwa muhula huu na kimeharibika? Kileteni, mkitazame pamoja, mseme kama ni ubovu au ni matumizi.

Nani katika kikundi anajua Lukonzo au Rutooro na yuko tayari kusindikiza wengine dukani siku ya Jumatatu?

Someni Ruthu 4:7. Leo katika soko letu, ni kitu gani kimechukua nafasi ya kile kiatu?

Vikundi vitakavyokuwa na jambo la kupeleka dukani, mwoneni mzee wa zamu baada ya ibada, mje na kiatu na karatasi yake.