Kifuko ndani ya jicho: tegu anapofichuliwa na ultrasaundi

Leo tuzungumzie vifuko vya maji vinavyoota ndani ya jicho kwa sababu ya tegu wa nguruwe. Najua utasema: "Mimi sili nguruwe, tegu wake atanipatia wapi?"

Anayekula nyama ya nguruwe yenye mabuu, tena haikuiva, ndiye anayepata tegu mkubwa tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi cha mtu huyo. Asipotawaza na kunawa sawasawa, mayai hubaki kwenye kucha, yakaingia katika chakula anachokiandaa, au yakafika kwenye maji na mboga za majani. Atakayeyameza, hata kama hajawahi kumwona nguruwe, mabuu huanguliwa tumboni mwake na kusafiri kwa damu hadi kwenye misuli, ubongo (hapo huleta kifafa) au jicho. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Mayahudi wanne wa New York, watu wa jamii isiyokula nguruwe, waliokutwa na vifuko hivi ubongoni. Walipopima watumishi wa majumbani, mmoja alikutwa na tegu. Kwetu Tanzania ugonjwa huu umethibitika sehemu kama Mbulu na Mbozi.

Kifuko kikiwa jichoni, mgonjwa huona kiwingu au kitu kinaelea, na uoni hupungua. Daktari humulika ndani kwa taa. Lakini kama kuna mtoto wa jicho, au damu imevuja ndani, mwanga haupiti. Sauti hupita. Hapo ndipo ultrasaundi inapohitajika.

Mashine hii hupeleka mawimbi ya sauti yenye mitetemo kiasi cha milioni 10 kwa sekunde, wakati sikio la binadamu huishia 20,000. Mitetemo ikiwa mingi hivyo sauti haifiki mbali, lakini picha huwa safi, na jicho lenyewe lina urefu wa milimita 24 tu. Mgonjwa hufumba macho, hupakwa jeli juu ya kope, kisha kifaa huwekwa taratibu. Hakuna sindano wala mionzi. Jicho lililopasuka kwa ajali ndilo lisilokandamizwa.

Kwenye skrini maji huonekana meusi, kwa kuwa hayarudishi mwangwi. Kifuko huonekana kama duara jeusi lenye ukuta mwembamba mweupe, na ndani yake nukta moja inayong'aa. Nukta hiyo ni kichwa cha buu, na ikionekana shaka hupungua sana. Buu akiwa hai, wakati mwingine huonekana akijikunja! Picha huonyesha pia kama amekaa kwenye ute wa jicho au chini ya retina, na kama retina imebanduka, jambo ambalo mpasuaji lazima alijue mapema.

Hapa pana hatari. Buu akifia ndani ya jicho huleta uvimbe mkali unaoweza kupofusha, ndiyo maana kwa kawaida hutolewa kwa upasuaji. Hata mgonjwa wa vifuko vya ubongo hutakiwa kuchunguzwa macho kabla ya kupewa dawa za kuua mabuu. Basi mwenye kiwingu jichoni asijinunulie dawa za tegu dukani. Aende kwa daktari wa macho. Na kama kuna mtu nyumbani anayetoa vipande bapa vyeupe chooni, apelekwe kupimwa choo, na asishike kazi ya jikoni mpaka atibiwe.