Somo la Kwaresima: Mwenye Njaa Afunge Nini?

Kwaresima ni siku 40, bila kuhesabu Jumapili. Hapa Embu hutukuta tukingojea mvua ndefu ya Machi. Mvua ya Oktoba ikikosa, ghala nyingi kule Mbeere huwa tupu. Sasa, mwenye njaa tayari afunge nini?

Tusome Isaya 58:6-7. Mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula. Basi anayekunywa chai mara mbili aache moja, pesa aweke kwa sanduku la kikundi. Tumnunulie mbegu za ndengu mwenzetu aliyekula zake, akaona haya kuja mkutanoni. Tumpelekee kabla ya mvua, na tusimdai michango.

Nawe usiye na kitu, njoo tu. Tuombe pamoja.

Swali: Nani hatujamwona tangu Januari?