Uamuzi Usio na 456

SOMO LA WIKI

Andiko la msingi: Mwanzo 25:29–34
Soma pia: Mwanzo 33:1–11, Danieli 1:8, Danieli 6:10, Waebrania 12:16–17
Lengo la somo: Tujue kutofautisha jambo la leo na jambo la maisha yote, na tusiamue la maisha yote kwa njaa ya leo.



Tangu uamke leo umeshaamua mambo mengi. Chai ya maziwa au ya rangi. Sukuma ya ishirini au ya thelathini. Kupita kando ya reli au kuzunguka kwa barabara. Kujibu ile meseji au kunyamaza. Mengi ya hayo kesho hutayakumbuka, na hakuna ubaya. Mungu hakutuumba tufunge siku tatu ndipo tujue kama tutanunua mandazi au chapati.

Shida ni kwamba wengi wetu tumegeuza mambo juu chini. Tunazunguka soko la Toi saa nzima tukitafuta kiatu cha mia tatu, tunakipindapinda, tunakijaribu, tunabishana bei. Halafu jioni mtu anatuletea fomu ya kumdhamini mkopo na tunaweka sahihi kwa dakika mbili, tena tukiwa tumesimama mlangoni. Kiatu kikikubana unaweza kumpa mdogo wako. Ile sahihi utampa nani?

1. KUNA YANAYORUDI NA YASIYORUDI

Sote hapa Gatwekera tunaijua 456. Ukituma pesa kwa M-Pesa na ziende kwa namba ya mtu mwingine, unachukua ule ujumbe wa M-Pesa, unautuma kwa 456 na kuomba pesa zirudishwe. Kama aliyezipata bado hajazigusa, una tumaini. Akishazitoa kwa ajenti, hiyo ni hadithi nyingine.

Maisha nayo yana maamuzi ya aina mbili. Yako yenye 456: ukikosea, unarudi, unarekebisha, unaendelea. Umenunua nyanya zilizooza, kesho utaenda kwa mama mboga mwingine. Umejiunga na chama kisichokufaa, unamaliza mzunguko wako unatoka. Na yako yasiyo na 456: kuoa na kuolewa, kuuza shamba la ushago, kutoa mimba, kuinua panga juu ya jirani, kumtoa mtoto shule, kusaini mkataba wa kazi ya ng'ambo. Hayo ukishabonyeza, yamekwenda.

Ndiyo maana kabla pesa haijatoka, simu inakuonyesha jina la yule unayemtumia. Inakupa nafasi ya kusoma. Wangapi wetu tunabonyeza bila kusoma jina?

2. ESAU NA SAHANI YA NDENGU

Esau alikuwa mwindaji. Siku hiyo alitoka porini amechoka kabisa. Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Kibera hadi Industrial Area alfajiri, akakosa kibarua getini, akarudi kwa miguu jua likiwa kichwani, huyo anamwelewa Esau bila mhubiri. Yakobo alikuwa amepika dengu. Harufu imejaa hemani. Esau akaomba chakula, na Yakobo akamwambia amuuzie kwanza haki ya mzaliwa wa kwanza.

Angalia vizuri Esau alichouza. Kwa desturi iliyoandikwa baadaye katika Kumbukumbu la Torati 21:17, mzaliwa wa kwanza alipata sehemu mbili za mali ya baba. Na katika nyumba ya Isaka kulikuwa na jambo kubwa kuliko mali, ile ahadi Mungu aliyompa Ibrahimu. Yote hayo yaliwekwa kwenye mizani na sahani moja.

Sasa soma mstari wa 33. Yakobo hakuchukua haki hiyo kimya kimya. Alimwambia Esau aape kwanza. Pale ndipo jina lilipotokea kwenye simu! Esau alipewa nafasi ya kusema, "Ngoja kidogo, wacha nile kwa mama kwanza tutaongea kesho." Nyumbani kwa baba yake tajiri hakukosa mkate mwingine. Lakini tayari alikuwa amejiambia kwamba anakufa, na mtu anayekufa haki itamsaidia nini? Akaapa. Akala, akanywa, akainuka, akaenda zake.

Mpendwa, Esau hakuwa anakufa. Alikuwa na njaa. Njaa ina sauti kubwa, nayo hudai jibu sasa hivi. Na njaa si ya tumbo peke yake. Kuna njaa ya upweke, inayomfanya dada ahamie kwa mtu aliyemjua wiki mbili. Kuna njaa ya hasira. Kuna njaa ya aibu, pale umri unaenda na wenzako wamejenga. Kuna njaa ya kodi, mwenye nyumba amefunga mlango na kufuli yake. Zote ni njaa za kweli, hatuzidharau. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayofaa kushika kalamu.

Waebrania 12:17 inatuambia kwamba baadaye Esau aliitafuta ile baraka kwa machozi, asiipate. Machozi yalikuwa ya kweli. Hakukuwa na 456.

3. MASWALI MATATU KABLA YA KUBONYEZA

Utajuaje kama jambo lililo mbele yako ni la leo au la maisha yote? Usilipime kwa bei, wala kwa kelele zake. Sahani ya ndengu ni bei ndogo. Jiulize haya matatu.

La kwanza: Je, hili linarudi? Kama halirudi, haliamuliwi leo jioni. Hata sheria ya Kenya inajua kwamba akina Esau wapo. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka shamba la kilimo katika maeneo inayoyasimamia lisiuzwe bila idhini ya bodi ya ardhi. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inasema nyumba na mali ya ndoa isiuzwe bila mume na mke wote kukubali. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka wanaofunga ndoa ya serikali watoe notisi ya siku 21. Kwa nini siku 21, na wapenzi wako tayari leo? Kwa sababu waliotunga sheria walijua kwamba moyo wenye njaa unahitaji kungojeshwa. Ikiwa serikali inakupa siku 21, wewe mtoto wa Mungu mbona unajipa dakika mbili?

La pili: Nani mwingine atakula matunda yake? Shamba la ushago ukiliuza, wajukuu ambao hawajazaliwa tayari wameuziwa. Ukidhamini mkopo, hujadhamini peke yako. Mke na watoto wamedhamini pia. Mithali 22:26–27 inaonya kwamba mdhamini asiye na cha kulipa anaweza kuchukuliwa hata kitanda anacholalia. Katika nyumba ya chumba kimoja, kitanda hicho kinalaza watu wangapi?

La tatu: Niko na njaa gani sasa hivi? Itaje kwa jina. "Bwana, niko na hasira." "Bwana, naogopa kubaki peke yangu." Njaa ikishatajwa inapungua sauti. Ile, kisha lala, uamue kesho.

Kwa dada na ndugu wanaofikiria kazi ya Saudi Arabia au nchi nyingine za Ghuba: hatusemi msiende. Wako waliokwenda wakasomesha ndugu zao. Tunasema soma jina kabla ya kubonyeza. Ajenti ahakikishwe kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mkataba usomwe wote, na nakala ya mkataba na ya pasipoti ibaki nyumbani kwa mtu unayemwamini. Ukiharakishwa usaini leo usiku kwa sababu ndege ni kesho, hapo umesikia harufu ya ndengu.

4. LAKINI VIDOGO NDIVYO VINAVYOPIKA VIKUBWA

Mtu asitoke hapa akisema, "Basi vya kila siku havina neno." Tumwangalie Danieli. Yeye naye aliletewa chakula. Katika Danieli 1:8 aliazimu moyoni kwamba hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Sahani tu! Kijana wa uhamishoni, mbali na mama, nani angemwona?

Zaidi ya miaka 60 baadaye, katika sura ya 6, ikatoka amri kwamba anayeomba kwa Mungu wake atatupwa kwa simba. Soma mstari wa 10. Danieli alipanda juu, dirisha wazi kuelekea Yerusalemu, akaomba mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu hapo. Hakukaa kikao na nafsi yake siku hiyo. Uamuzi wa simba ulikuwa umeshafanywa zamani, kwenye sahani na kwenye magoti.

Esau pia, soma mstari wa 34 tena. Neno linasema aliidharau haki yake. Dharau haiji kwa siku moja. Ilipikwa polepole kabla ya dengu.

Kijana anayebeti shilingi mia kila siku anasema ni mia tu. Kwa mwezi ni elfu tatu. Kwa mwaka ni 36,500. Lakini hesabu ya pesa ndiyo ndogo. Kubwa ni kwamba kila siku anaufundisha moyo wake kwamba baraka huja kwa bahati. Siku atakayoshikishwa karo ya mtoto mkononi, moyo huo utaamua kama ulivyofundishwa.

5. RELI ILIRUDI

Tuje hapa kwetu. Wakubwa wetu wanakumbuka Januari 2008, baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007. Hii reli inayopita juu yetu, iliyofika Nairobi mwaka wa 1899, ilikuja kung'olewa hapa Kibera kwa mikono ya watu wenye hasira. Mizigo ya kwenda Uganda ikakwama. Majirani waliochota maji bomba moja wakakimbiana. Wengine walihama vijiji walivyoishi miaka mingi.

Tarehe 28 Februari 2008 viongozi wakatia sahihi mapatano. Reli ikarekebishwa, treni zikapita tena. Lakini tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Hao hawakurekebishwa. Chuma kilikuwa na 456, watu hawakuwa nayo.

Kijana wa Gatwekera, siku utakapoitwa utoke na jiwe, kumbuka hilo. Anayekuita atatia sahihi na mwenzake mbele ya kamera. Wewe na jirani yako ndio mtabaki hapa mkiangaliana.

6. NA KAMA NILISHABONYEZA?

Kuna mtu anasoma haya na moyo unamuuma. Shamba lilishauzwa. Ndoa ilishavunjika. Mpendwa, usifunge karatasi hii hapa.

Daudi alipotubu, nabii Nathani alimwambia Bwana ameiondoa dhambi yake, na bado mtoto akafa (2 Samweli 12:13–18). Msamaha unaondoa hatia mara moja. Matokeo mengine yanabaki. Tusidanganyane. Lakini sura hiyo hiyo, mstari wa 24, Sulemani anazaliwa, na Mathayo 1:6 inamweka katika ukoo wa Yesu.

Na Esau? Geuza mpaka Mwanzo 33. Yakobo anarudi baada ya miaka mingi, anatetemeka, amesikia Esau anakuja na watu 400. Esau anamkimbilia, anamkumbatia, wanalia pamoja. Yakobo anampa zawadi, naye Esau anasema anayo ya kumtosha. Haki ya mzaliwa wa kwanza haikurudi kamwe, lakini ndugu alirudi. Siku hiyo Esau alikuwa na watu 400 na hasira ya zamani, akaamua vizuri. Aliyekosea uamuzi mmoja bado ana wa leo.

Na uko uamuzi mmoja unaozidi yote, kumpa Yesu maisha yako. Huo peke yake ni uamuzi wa maisha yote usiohitaji kungojeshwa. Yule mwizi msalabani aliufanya saa za mwisho, mikono imepigiliwa, hana cha kurekebisha duniani, na akapokelewa.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ni njaa gani inayotuharakisha zaidi hapa mtaani?
2. Taja uamuzi mmoja ulio mbele yako usio na 456. Nani amekusaidia kuufikiria?
3. Ni jambo gani dogo unalofanya kila siku linalokupikia jambo kubwa, jema au baya?

Zoezi la wiki: Usiweke sahihi yoyote wala kuahidi jambo lisilorudi kabla hujalala usiku mmoja, hujaomba, na hujazungumza na mtu mzima mmoja katika imani asiyefaidika na jibu lako.

OMBI

Baba, tupe mkate wetu wa leo, ili njaa isituuzishe urithi wetu. Tufundishe kungoja. Waliokwisha kukosea, wainue, uwape la kuamua leo. Kwa jina la Yesu, amina.