Uvujaji wa Hewa Katika Manifoldi ya Injini Kuukuu

Fundi aletewapo pikapu kuukuu ya Toyota Land Cruiser yenye injini ya petroli ya 2F, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1975, mara nyingi huelezwa hivi: gari barabarani linakwenda vizuri, lakini likisimama injini hutetemeka na kuzimika. Wengi hulaumu kabureta. Huoshwa, hata hununuliwa nyingine kwa fedha nyingi, na mtetemeko ukabaki palepale. Kabla ya kutoa fedha hizo, na tulitazame somo la kanieneo.

Kando ya bahari kanieneo ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Dereva asipokanyaga mafuta, kilango cha kabureta huwa karibu kimefungwa, huku pistoni zikiendelea kuvuta. Kwa hiyo kanieneo ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa hushuka hadi kilopaskali 35 hivi. Gasketi ikiwa imeachia, hewa ya nje husukumwa ndani kwa kasi kubwa, na pengine husikika mluzi mwembamba. Ufa wenye urefu wa sentimita 5 na upana wa milimita 0.1 waweza kupitisha karibu gramu 70 za hewa kwa dakika, ilhali injini hii ya lita 4.2, ikizunguka mara 650 kwa dakika, huvuta nusu kilo tu hivi kwa muda huo. Hewa hiyo haikupitia kwenye kabureta, basi haina petroli. Uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli huvurugika, hasa katika silinda iliyo jirani na ufa. Dereva akikanyaga mafuta, tofauti ya kanieneo hupungua, nayo injini huvuta kilo kadhaa za hewa kwa dakika. Ufa ungalipo, ila athari yake haisikiki.

Ili kuutafuta, washa injini ingali baridi, unyunyize matone machache ya maji kwenye kiungo cha manifoldi. Mngurumo ukibadilika, hapo ndipo penye ufa. Wako wanaonyunyiza petroli. Ni hatari, kwa maana manifoldi ya ekzosi iko chini yake.

Ujirani huo ndio chanzo cha ugonjwa. Manifoldi zote mbili hulalia gasketi moja, nazo zimefungwa pamoja kwa boliti. Chuma cha kalibu chenye urefu wa sentimita 60, joto lake likiongezeka nyuzi 400 za Selsiasi, hurefuka karibu milimita 2.6. Ile ya kuingizia hewa haipati joto kama hilo, kwa hiyo haziendi pamoja, na baada ya miaka nyuso zake hupindika.

Gasketi mpya peke yake haiponyi uso uliopindika. Weka rula ya chuma juu ya nyuso hizo. Ukiona mwanga chini yake, zipelekwe kusawazishwa, tena zikiwa zimefungwa pamoja, kwani pale kibano kimoja kinapozibana zote mbili, iliyo nene zaidi hubanwa na nyembamba huachwa. Wakati wa kurudisha, boliti zinazounganisha manifoldi mbili zisikazwe kwanza. Kaza nati za kwenye silinda hedi kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni, ndipo ukaze muungano. Injini ikishapata joto na kupoa, nati zikaguliwe tena. Mwisho, irekebishe skrubu ya petroli ya kabureta, kwa kuwa huenda aliyetangulia ameifungua mno akijaribu kuutuliza mtetemeko.