Vyakula Vichache, Milo Mingi



Kliniki ya watoto, mama akiulizwa kwa nini mtoto anakula ugali na mchicha kila siku, mara nyingi hujibu, "Nyumbani hakuna kingine." Tukikaa tukahesabu pamoja, aghalabu tunakuta vingine vipo. Mwezi huu tujifunze kuhesabu.

1. Kuzidisha
Tuseme nyumbani unapata vyakula vya kutia nguvu vitatu: unga wa mahindi, viazi vitamu na ndizi za kupika. Vya kujenga mwili ni vinne: maharage, karanga, dagaa na mayai. Mboga za majani ni tano: mchicha, matembele, mnafu, majani ya maboga na majani ya kunde. Ugali huweza kuliwa na kila kimoja cha vile vinne, na viazi hali kadhalika, na ndizi vile vile. Basi tunazidisha: 3 × 4 × 5 = 60. Hiyo ni milo 60. Ukipika mmoja kila siku, utamaliza karibu miezi miwili bila kurudia!

2. Kuchagua viwili
Je, ukitaka kuchanganya mboga mbili kati ya zile tano? Ya kwanza unaichagua kati ya 5, ya pili kati ya 4 zilizobaki: 5 × 4 = 20. Lakini mchicha na matembele ni sawa na matembele na mchicha. Sufuria ni ile ile. Kila jozi tumeihesabu mara mbili. Hivyo gawanya kwa 2: ni jozi 10.

3. Mtoto anafaidika nini?
Vyakula husaidiana. Mahindi yana upungufu ambao maharage huujaza, na kwa pamoja huujenga mwili vizuri zaidi. Chungwa au pera pamoja na mlo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Chai huyazuia, kwa hiyo isinywewe pamoja na chakula.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale kila siku angalau makundi 5 kati ya 8, maziwa ya mama yakiwa mojawapo. Hesabu: maziwa ya mama, ugali, maharage, mchicha. Ni manne tu. Ongeza pera, yametimia matano.

Angalieni: karanga za mtoto mdogo zitwangwe au zisagwe, maana nzima huweza kumpalia. Na mtoto asiyeongezeka uzito kwenye kadi yake aletwe kliniki mapema, asisubiri hesabu.

Zoezi la nyumbani
Baba, mama na watoto, andikeni vyakula mnavyopata mwezi huu katika kila kundi, kisha zidisheni. Mmepata milo mingapi? Na wiki iliyopita mlipika mingapi?