Fedha ya Mtambwe

Watu wengi hudhani kwamba sarafu zililetwa kwetu na Wajerumani. Sivyo. Mwaka 1984 wataalamu wa mambo ya kale walikuta sarafu zaidi ya 2,000 zimefukiwa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Chache zilikuwa za dhahabu, kutoka nchi za mbali. Nyingi zilikuwa za fedha, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Zilikaa ardhini miaka kama 900.

Tunajuaje kuwa ni za pwani yetu? Zilisomwa. Upande mmoja pana jina la mtawala wa pwani, kama Ali bin al-Hasan. Upande wa pili ni maneno ya kumtumaini Mungu. Pande hizo zina vina kama shairi! Bila maandishi zingekuwa vipande vya madini tu.

Leo mnadani Singida tunashika noti za karatasi, lakini bado tunaziita fedha.

Maswali
1. Sarafu za Mtambwe zilipatikana mwaka gani?
2. Neno "fedha" lina maana gani mbili?